Shahada na Randa: Nani Analipa, Nani Analipwa

Nawaona mafundi mliofunga karakana mapema mkaja kukaa viti vya nyuma.

Nimeombwa nijibu swali linalozunguka majumbani kila mwaka matokeo ya mitihani yanapotoka. Je, chuo kikuu kina thamani ya gharama yake, au mtoto aende akajifunze ufundi? Nitalijibu, lakini natangulia kusema kwamba nina ugomvi na namna linavyoulizwa. Linaulizwa kana kwamba mzazi yuko dukani, mbele yake bidhaa mbili, kila moja na bei yake halali. Bei hizo hazikushuka kutoka mbinguni, wala soko peke yake halikuziweka. Tumeziweka sisi, kwa sheria zetu, kwa kodi zetu, na kwa heshima tunayomgawia huyu na kumnyima yule. Nitangulie pia kusema kwamba mshahara wangu unatoka chuo kikuu. Mkiniona nakipendelea, mnajua sababu. Na mkiniona nakisema vibaya, jueni sikutumwa na wivu.

Tuanze na hesabu. Ada ya chuo kikuu cha umma Tanzania, kwa kozi nyingi, ni kati ya shilingi milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka. Tuchukue milioni moja na laki mbili. Posho ya chakula na malazi, lile bumu ambalo wanafunzi hulisubiri kama mkulima anavyosubiri vuli, ni shilingi 10,000 kwa siku tangu 2022. Tukikadiria siku 240 za masomo, inafika milioni mbili na laki nne. Mwaka mmoja umekula milioni tatu na laki sita; shahada ya miaka mitatu imekula milioni kumi na laki nane, na hapo hatujagusa vitabu, kompyuta, wala nauli ya kurudi Kigoma likizo. Kijana akizikopa zote, akimaliza na kupata kazi atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Mshahara ukiwa laki nane, makato ni 120,000 kwa mwezi. Gawanyeni wenyewe: miezi 90, yaani miaka saba na nusu. Na hiyo ni baada ya nafuu, maana hadi 2021 ilikuwapo tozo ya asilimia sita ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo Rais Samia aliifuta. Kabla ya hapo deni la namna hii lingeongezeka zaidi ya laki sita kila mwaka, huku mdaiwa yuko kijijini anasubiri kuitwa kwenye usaili.

Sasa mwenzake aliyeishia kidato cha nne akaenda kusomea ufundi stadi VETA. Ada ya vyuo vya VETA kwa miaka mingi imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa anayesoma kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Akisoma miaka miwili, anatoka wakati yule mwingine ndiyo kwanza anamaliza kidato cha sita. Ana miaka mitatu mbele yake. Tuseme anapata kibarua cha 15,000 kwa siku, siku ishirini kwa mwezi. Hizo ni laki tatu kwa mwezi, na kwa miaka mitatu ni milioni kumi na laki nane. Sikuipanga ilingane, imelingana. Siku mmoja anapovaa joho, anadaiwa kiasi kile kile ambacho mwenzake ameshakishika na kukila.

Najua wako walioanza kutabasamu huko nyuma. Subirini. Hesabu ya kwanza inadhani mshahara wa laki nane upo. Hii ya pili inadhani siku ishirini za kazi zipo, na kila fundi aliyemo humu anajua masika yanavyozifanya kumi, anajua mteja anayehamia kwenye nyumba akasahau nusu ya malipo, anajua kidole kilichochukuliwa na msumeno kisha hospitali ikalipwa kwa mchango wa wenzake. Mwajiriwa akiumia kazini kuna mfuko wa fidia. Deiwaka akiumia, kuna Mungu na wenzake. Kwa hiyo anayekwambia kwamba ufundi unalipa kuliko shahada, muulize: unamlipa nani, mwezi gani, na akivunjika mguu je?

Ilikuwaje shahada ikawa na bei yake? Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba Waingereza walituachia wahandisi wawili na madaktari kumi na wawili. Chuo kikuu cha kwanza nchini kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kwa wanafunzi wachache wa sheria. Kilikuja kuhamia Mlimani 1964. Nchi yenye wahandisi wawili haiulizi kama shahada inalipa. Inagharamia kila kitu, na kijana akimaliza anakuta ofisi inamngoja, na nyumba ya serikali juu yake. Wazazi wetu waliona hivyo kwa macho yao, ndiyo maana hadi leo mtu anauza shamba la ukoo ili mtoto aende chuo. Hawakukosea. Waliona kweli, ila waliona kweli ya wakati ule.

Mwalimu mwenyewe aliwahi kuona upande wa pili wa jambo hilo. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo waliandamana hadi Ikulu kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu ya mishahara yao wakiwa huko. Aliwafukuza mamia yao siku ile ile, akajikata mwenyewe asilimia 20 ya mshahara. Miezi michache baadaye ikaja Elimu ya Kujitegemea. Wengi hukumbuka mashamba ya shule na majembe. Mimi nakumbuka zaidi Azimio la Musoma la 1974, lililotaka mtu afanye kazi walau miaka miwili kabla ya kuingia chuo kikuu. Lilikuwa na madhara: wasichana walipungua vyuoni, ikabidi waruhusiwe kupita moja kwa moja, na miaka ya 1980 utaratibu wote ukaachwa. Lakini lilikuwa na jambo moja ambalo hatujalirudia tena: mtu aliyefika darasani akiwa ameshawahi kulipwa mshahara alijua anachokitafuta humo.

Kisha milango ikafunguka. Shule za kata zikaenea baada ya mpango wa 2004, Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanza 2007, vyuo binafsi vikaota, na 2016 ada ya sekondari hadi kidato cha nne ikaondolewa. Ni jambo jema, na sitamvumilia mtu mwenye shahada mbili anayelalamika kwamba siku hizi kila mtu anasoma. Ila ofisi hazikuongezeka kwa kasi ile. Walimu wa shahada, waliokuwa wakipangiwa vituo karibu moja kwa moja, kuanzia katikati ya muongo uliopita wakaanza kupanga foleni. Wako waliosomea Historia na Kiswahili ambao wamejaza maombi kwenye mfumo wa ajira mpaka wameisahau nywila.

Ndipo mwaka 2017 ukatuonyesha tunachonunua hasa. Uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma ulikuta watu 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Sitetei udanganyifu. Lakini kati yao walikuwamo waliofanya kazi miaka mingi bila mtu yeyote kugundua, kwa kuangalia kazi yao, kwamba kuna kilichopungua. Fundi seremala hawezi kughushi mlango: utagoma kufunga. Ukiona kazi ambayo mtu anaweza kuifanya miaka kumi kwa cheti cha uongo na isijulikane, una haki ya kuuliza kama cheti kile kilihitajika tangu mwanzo, au kilikuwa cha kupunguzia foleni tu.

Zipo kazi ambazo kwazo swali hilo halina nafasi. Hakuna anayetaka kupasuliwa tumbo na mtu aliyejifunza kwa kuchungulia. Daktari, mfamasia, mhandisi wa madaraja, wakili: hawa wanahitaji maabara, miaka ya kusimamiwa, na sheria yenyewe imefunga mlango kwa asiyepita huko. Kwa kozi hizo shahada ina thamani ya gharama yake, hata kwa mkopo, na mtoto mwenye alama za kutosha asizuiwe na maneno ya watu kama mimi. Tena kuna elimu ambayo haimlipi aliyeifanya ila inatulipa sisi sote. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka 1981 ni kazi ya watu wa chuo kikuu. Sidhani kama kuna aliyetajirika nayo, na sijui tungekuwa wapi bila hiyo. Chuo kikuu kisipopimwa kwa lingine ila mshahara wa mhitimu, tutafunga idara za namna hiyo kwanza, na tutakuwa tumekosea.

Baada ya kuyasema hayo, nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali mwaliko huu. Kuna tozo inaitwa ya kuendeleza ujuzi, ambayo waajiri hulipa kwa kiwango cha mishahara ya wafanyakazi wao. Ilikuwa asilimia sita; imekuwa ikipunguzwa, na 2023 ilishuka hadi asilimia tatu na nusu. Jina lake linasema ujuzi. Mamlaka ya VETA, iliyoundwa kwa sheria ya 1994, ilipaswa kuitegemea. Kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa hivi: theluthi moja kwa mafunzo ya ufundi stadi, theluthi mbili kwa elimu ya juu, pamoja na mikopo. Waajiri wamelilalamikia hilo mara nyingi, na kwa mara moja katika maisha yangu nakubaliana nao. Fedha iliyokusanywa kwa jina la fundi ilimsomesha, kwa sehemu kubwa, mtu wa shahada. Halafu tunamgeukia mzazi, tunamuuliza kwa nini anapenda chuo kikuu! Mzazi amesoma bajeti vizuri kuliko sisi. Ameona fedha inakoelekea, akamuelekeza mtoto wake huko huko.

Tazameni pia tunavyovitenda vyuo vya ufundi vinapofanya vizuri. Chuo cha Ufundi Mbeya kilikuwa kikitoa mafundi sanifu wanaoaminika. Kikapandishwa, na tangu 2012 ni chuo kikuu. Kenya ikafanya vivyo hivyo 2013: politekniki za Nairobi na Mombasa zikawa vyuo vikuu vya ufundi. Sisemi vilivyopo leo ni vibaya. Vina wahadhiri ninaowaheshimu. Nasema tumezoea kukitunuku chuo cha ufundi kwa kukiondoa kwenye ufundi. Wahandisi hutaja uwiano wa mhandisi mmoja kwa mafundi sanifu watano na mafundi mchundo ishirini na watano. Sisi tumekuwa tukiujenga uwiano huo kuanzia kileleni.

Ujerumani, nchi ambayo kila semina ya ufundi stadi lazima iitaje, wana jambo moja ambalo semina hulipita haraka. Fundi aliyefikia daraja la Meister amewekwa na mfumo wao wa sifa ngazi moja na mwenye shahada ya kwanza, na katika fani nyingi huwezi kufungua karakana yako bila kuwa nalo au kumwajiri mwenye nalo. Kule sheria imemfungia fundi mlango wa nyuma, wasiojua wasipite. Huku tumeuacha wazi, fundi maiko anaingia na kuharibu bei, kisha tunashangaa kwa nini fundi mzuri hataki mwanawe amrithi.

Hata pale tulipoweka mlango, tumemwacha fundi nje. Chukua umeme. Leseni za kufunga nyaya hutolewa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, na ni haki, kwa sababu umeme unaua. Lakini mtaani inajulikana: anayepanda juu ya dari, akapasua ukuta na kupitisha mabomba ni kijana asiye na leseni, na anayelipwa kwa ajili ya muhuri ni mwenye karatasi ambaye pengine hata nyumba hakuiona. Jasho la mmoja, ada ya mwingine. Kijana yule angeweza kupimwa. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa waliojifunzia kazini, na ni miongoni mwa mambo bora waliyoyafanya. Ila kupimwa kunataka ada, kunataka aache kazi siku kadhaa, na kunataka mtu wa kumwambia kwamba utaratibu huo upo.

Na sasa kuna mkondo wa amali, yaani wa stadi za kazi, katika sekondari. Sera ya elimu iliyofanyiwa marekebisho 2023 imeuweka, na tangu 2024 shule zilizochaguliwa zimeanza na kidato cha kwanza. Naunga mkono, kwa woga. Wazee mliosoma Ifunda au Moshi Ufundi mnajua shule ya ufundi ilivyo ikiwa na mashine zinazozunguka na mwalimu aliyewahi kufanya kazi kiwandani. Mnajua pia inavyokuwa mashine zikishaharibika na mwalimu akibaki na chaki. Mkondo wa amali bila karakana ni somo la kukariri majina ya zana. Na ukijazwa watoto walioshindwa hesabu tu, utathibitisha kile ambacho wazazi wanakiogopa, kwamba ufundi ni mahali pa kutupia wasiofaa kwingine. Kuhusu wasichana nitasema kwa kifupi: kila anayesema amali akamuona binti kwenye cherehani na kwenye sufuria peke yake, aende gereji akatafute wale wachache walioingia chini ya gari, awaulize walipitia nini.

Mzazi mwenye barua ya udahili mkononi atanilaumu nikiondoka bila kumpa neno. Nakupa hili: usiulize kama kozi hii ni nzuri. Nenda chuoni, iwe chuo kikuu au VETA, uulize waliomaliza miaka mitatu iliyopita wako wapi. Chuo kinachojua wahitimu wake waliko kitakujibu. Kikikupeleka kwenye kipeperushi chenye picha za majoho, rudi nyumbani ukafikiri. Na kama mtoto anapenda ufundi, usimpeleke na ada peke yake. Jumlisha bei ya zana. Wengi wanatoka VETA wakiwa na cheti na mikono mitupu, wakaishia kuwa saidia fundi wa mtu ambaye hakusoma ila anamiliki mashine ya kuchomelea. Aliyemiliki mashine ndiye anayepanga malipo ya siku.

Hapo ndipo Serikali inaweza kubadili bei kesho asubuhi ikitaka. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 imeanza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani zilizochaguliwa. Ni hatua, isogezwe hadi kwa fundi stadi, na mkopo wake uwe wa sanduku la zana, maana ada yake ni ndogo na shida yake iko kwingine. Zile milioni kumi na laki nane tunazomkopesha mtu mmoja wa shahada bila kigugumizi zingewapa vijana kadhaa randa, drili na mashine ya kuchomelea, na wangeanza kurejesha mwezi wa tatu.

Kuna hatua nyingine isiyogharimu karibu chochote. Mnakumbuka mwaka 2021, fedha za mkopo wa IMF zilipoelekezwa kujenga madarasa 15,000, kila moja kwa milioni ishirini? Hatukuita makampuni makubwa. Sehemu kubwa ya kazi ile ilifanywa na mafundi wa mtaani chini ya kamati za shule na halmashauri, kwa miezi michache, na watoto wakaingia Januari. Nani aliwafundisha kazi mafundi wale? Kwa sehemu kubwa hakuna aliyelipwa kuwafundisha. Walijifunza kwa kubeba zege na kumtazama mkubwa wao, kwa gharama yao wenyewe. Wakamaliza, wakalipwa ufundi wao, wakaondoka bila karatasi hata moja inayosema kwamba huyu amejenga darasa la umma, limekaguliwa, limesimama. Akienda kesho kuomba kazi kwa mkandarasi, anaanza upya kama mgeni.

Mhandisi wa halmashauri alipaswa kufika kwenye kila jengo kabla ya malipo. Alipaswa kuangalia msingi, lenta, kenchi na lipu, na kusaini. Napendekeza saini ile ile ihesabike kuwa sehemu ya upimaji wa ujuzi wa fundi aliyejenga, VETA iipokee, impe daraja lake, na zabuni ijayo ya halmashauri imtambue kwa daraja hilo. Fomu ya ukaguzi ipo tayari. Inahitaji kuongezewa mstari mmoja wa jina la fundi. Nimebakiza muda wa maswali, na ningependa la kwanza litoke viti vya nyuma.